Chama cha heshima, chama cha taaluma au diskasheni: ujiunge wapi chuoni Dar es Salaam?

Kabla ya kulinganisha vyama, hesabu saa zako. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu nchini ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi: mihadhara, semina, maabara, kusoma peke yako na kujiandaa kwa mitihani. Hizo ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kila wiki. Aliyepanga Mbezi au Gongo la Mboto aongeze saa 2 hadi 3 za daladala au mwendokasi kwa siku, na anayevuka kwenda kusoma Kigamboni aongeze foleni ya kivuko. Ukitoa usingizi, kupika, kufua na ibada, mwanafunzi wa kawaida wa Dar es Salaam anabakiwa na kama saa 6 kwa wiki za kuwapa watu wengine. Saa hizo zinatosha makundi mawili. Mwenye kadi tano za uanachama kwa kawaida hafanyi kazi katika kundi hata moja.

Tunalinganisha hapa makundi manne yanayogombania saa hizo 6: chama cha heshima cha kimataifa, chama cha taaluma cha wanafunzi, mashindano na tuzo, na kikundi cha diskasheni, yaani cha kujisomea pamoja. Kipimo ni kimoja kwa yote: kundi linakudai kazi gani, na kazi hiyo inaacha nini mkononi mwako siku unapovaa joho.

Chama cha heshima

Hiki ni chama kinachoalika wanafunzi kwa sababu ya matokeo yao ya darasani. Chimbuko lake ni Marekani. Phi Beta Kappa kilianzishwa tarehe 5 Desemba 1776 na wanafunzi wa Chuo cha William & Mary, Williamsburg, Virginia. Mwanzoni kilikuwa chama cha siri cha midahalo, na sifa ya kupokea waliofaulu sana ilijengeka baadaye. Kikafuatwa na vingine: Tau Beta Pi cha wahandisi mwaka 1885 katika Chuo Kikuu cha Lehigh, Sigma Xi cha watafiti mwaka 1886 huko Cornell, Phi Kappa Phi cha fani zote mwaka 1897 Maine, Alpha Omega Alpha cha udaktari mwaka 1902, Sigma Theta Tau cha wauguzi mwaka 1922 Indiana. Mwaka 1925 baadhi ya vyama hivyo viliunda umoja wa kusimamia viwango. Visichanganywe na yale makundi ya kindugu ya wanafunzi wa Marekani yanayojiita pia kwa herufi za Kigiriki. Hayo ni ya makazi na urafiki, na hayapimi masomo.

Vile vya kweli vina vigezo vilivyoandikwa, na vigezo vyenyewe ni vikali. Tau Beta Pi huangalia mwanafunzi aliye katika moja ya nane ya juu ya darasa lake mwaka wa tatu, au moja ya tano ya juu mwaka wa nne, kisha huangalia tabia. Phi Beta Kappa haina fomu ya kuomba: unaalikwa na tawi la chuo chako au hualikwi kabisa, na matawi yake yapo katika takriban chuo kimoja kati ya kumi nchini Marekani.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Dar es Salaam anapaswa kutulia na kufikiri. Phi Beta Kappa na Tau Beta Pi hazina matawi nje ya vyuo vya Marekani. Beta Gamma Sigma, cha wanafunzi wa biashara tangu 1913, hufungua tawi katika shule ya biashara yenye ithibati ya AACSB, shirika la kimataifa la shule za biashara, tu. Sigma Theta Tau imetoka nje ya Marekani na ina wanachama wauguzi katika nchi nyingi, kwa hiyo mwanafunzi wa uuguzi Muhimbili ana sababu ya kuifuatilia kuliko mwanafunzi wa fani nyingine yoyote. Ukiondoa hivyo, mialiko mingi inayoingia kwenye barua pepe za wanafunzi wetu hutoka kwenye vyama visivyo na tawi chuoni, visivyojulikana na ofisi yoyote chuoni, na vinavyotaka dola kwanza.

Kuna sababu nyingine ya heshima hiyo kuwa nyepesi huku. Vyuo vyetu vilirithi mfumo wa Uingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) chenyewe kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, pale Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Katika mfumo huo heshima inaandikwa kwenye cheti chenyewe: daraja la kwanza ni GPA (wastani wa alama) ya 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4, na pasi 2.0 hadi 2.6. Mwajiri wa hapa anasoma mstari huo mmoja na amemaliza. Kulipia cheti cha pili kinachosema kitu kilekile ni kununua kivuli cha cheti cha kwanza.

Fanya na hesabu ya bumu. Posho ya chakula na malazi ya mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku. Ada ya dola 60, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 150,000: siku 15 za kula na kulala. Je, chama hicho kitakupa kitu chenye thamani ya siku 15? Kikiwa na mfuko wa ufadhili ambao wanachama kutoka Afrika wameshaupata, na majina yao yamechapishwa, fikiria. Kikiwa na pini, cheti cha kuchapisha mwenyewe na punguzo la bei katika maduka ya Marekani, acha.

Chama cha taaluma cha wanafunzi

Hapa ndipo tunapoegemea, na tunasema mapema ili msomaji ajue.

Wanafunzi wa udaktari wana TAMSA, chenye uhusiano na shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa udaktari. Wa famasia wana TAPSA. Wa Kiswahili wana CHAWAKAMA, kinachowakutanisha na wenzao wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Wahandisi wanaweza kuingia ngazi ya wanafunzi katika Taasisi ya Wahandisi Tanzania, na wale wa umeme, elektroniki na kompyuta katika matawi ya wanafunzi ya IEEE. Wanasheria wa UDSM wana Kamati ya Msaada wa Kisheria ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko mwanafunzi hujifunza kumsikiliza mjane mwenye kesi ya mirathi, jambo ambalo mhadhara haumfundishi mtu.

Chama cha aina hii hakiulizi GPA yako. Kinauliza kama utakuja Jumamosi kubeba mashine ya kupima shinikizo la damu hadi Mbagala, kama utaandika muhtasari wa kikao, kama utampigia simu mgeni aliyeahidi kuja na hajatokea. Kinachobaki ni vitu vitatu: kazi unayoweza kuieleza kwa dakika tano bila kubahatisha, watu wa fani yako utakaokutana nao kazini kwa miaka 30, na mhadhiri mlezi anayekujua kwa jina.

Hicho cha tatu ndicho wanafunzi hukipuuza, kisha hulia nacho baadaye. Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, inataka wadhamini watatu. Ufadhili wa Chevening wa kusoma Uingereza unataka wawili, pamoja na insha za uongozi na za kujenga uhusiano na watu. Katika kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi mia kadhaa, mhadhiri anajua namba za usajili tu. Ukimwomba barua, ataandika kwamba ulihudhuria na ukapata B+. Mlezi wa chama aliyekuona ukiandaa semina tatu na kurejesha hesabu ya fedha hadi shilingi ya mwisho ataandika ukurasa mzima, kwa mifano.

Nafasi tunayoipendekeza kuliko zote ni ukatibu. Mwenyekiti anaonekana zaidi, lakini katibu ndiye anayeandika barua kwa ofisi, anayejua taratibu, na anayekutana na mlezi kila wiki. Akitoka amefundishika kuandika. Ukikosa ukatibu, omba uhariri wa jarida au wa ukurasa wa chama. Mlimani pana historia ya vyama vinavyokumbukwa kwa maandishi: USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika kilichoanzishwa 1967 na Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wake, kilianza kutoa jarida la Cheche mwaka 1969. Vyote viwili vilipigwa marufuku mwaka 1970, na bado hadi leo wasomi wanayasoma na kuyajadili yale makala machache ya wanafunzi.

Vyama hivi vina magonjwa yake, na yanafanana chuo hadi chuo. La kwanza ni fedha kukaa kwenye simu ya mtu: michango inatumwa kwa namba ya mweka hazina, simu inaibiwa au mweka hazina anakwenda field, na fulana hazionekani. Dawa ni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, mmoja wao mlezi. La pili ni kukosa makabidhiano. Viongozi wa mwaka wa tatu wanaondoka na nywila ya barua pepe, mhuri na orodha ya wanachama, na Novemba wanaokuja wanaanzia sifuri. La tatu ni kuishi kwa matukio: mgeni rasmi mmoja, picha nyingi, vyeti 200 vya kuhudhuria saa moja, kisha kimya hadi mwaka unaofuata. Kabla ya kujiunga, omba kuona ratiba ya muhula uliopita na ripoti ya fedha. Chama chenye vitu hivyo viwili ni hai hata kama kina watu 15. Chama kisicho navyo kinakuhesabu tu.

Mashindano na tuzo

Zipo tuzo zisizoombwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi huwatambua wahitimu bora wa uhandisi katika Siku ya Wahandisi ya kila mwaka. Vyuo navyo vina zawadi za mwanafunzi bora wa kozi, wa idara na wa mwaka, nyingine zikitolewa na benki, kampuni au familia iliyoweka mfuko. Hizi huwezi kuzipanga. Unachoweza kufanya ni kuuliza idarani mwaka wa kwanza zipo zipi na zinapimwaje, maana nyingine zinahesabu matokeo ya miaka yote, na aliyejua mwaka wa tatu amechelewa.

Mashindano ni jambo jingine. Shindano la Afrika la kesi za mfano za haki za binadamu, linaloendeshwa tangu 1992 na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria, linadai timu iandike hoja za pande zote mbili na kusimama mbele ya majaji. Maandalizi ya dhati yanakula miezi mitatu au minne. MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu yaliyoanza 2019, yanataka kitu kinachofanya kazi mezani. Wiki ya Utafiti na Ubunifu ya UDSM inawapa wanafunzi nafasi ya kuonesha kazi zao kwanza katika vitengo vyao, kisha mbele ya chuo kizima. Kwa wa Dar es Salaam kuna faida ya ukaribu: ofisi za COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, zipo Sayansi, Kijitonyama, nauli moja ya daladala kutoka Mwenge.

Kosa la kawaida ni kuanzia kwenye bango. Timu inachapisha bango zuri wiki ya mwisho, na jaji akiuliza sampuli zilikuwa ngapi, kila mmoja anamtazama mwenzake. Anza na swali moja dogo linalojibika kwa vifaa ulivyonavyo, pima mara tatu, andika matokeo siku hiyohiyo yenye tarehe, kisha bango lifuate. Mashindano yanafaa kwa muhula mmoja wenye nafasi. Yakigongana na wiki za majaribio ya darasani, kitakachoanguka ni kimojawapo, na mara nyingi ni GPA.

Diskasheni

Hakuna cheti, hakuna mgeni rasmi, na kwa GPA hakuna kinachoifikia. Tazama hesabu: katika krediti 360, kozi moja ya krediti 12 ikipanda kutoka B+ hadi A inaongeza pointi 12 (moja kwa kila krediti) kugawa kwa 360, yaani 0.033 tu kwenye GPA ya mwisho. Kutoka 4.2 kufika 4.4 unahitaji 0.2, sawa na krediti 72, yaani kozi sita kama hiyo kupanda daraja moja kila moja. Hilo halitokei wiki ya mwisho ya muhula wa sita. Linajengwa kwenye vimbweta, kozi moja moja, kuanzia mwaka wa kwanza. Soma pia kanuni za chuo chako kuhusu desimali, kwa sababu chuo kinachokata bila kukadiria juu kitaandika 4.3 kwa mwenye 4.38.

Kikundi kinachofanya kazi kina watu wanne hadi sita. Wakizidi saba, wawili wanafundisha na waliobaki wanakuwa hadhira. Kutaneni mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu, mahali penye taa: maktaba mpya ya Mlimani iliyofunguliwa 2018 ina nafasi za watu 2,100 kwa wakati mmoja, lakini karibu na mitihani fika mapema au tafuteni darasa tupu. Kila mmoja aje na swali moja alilolijaribu na likamshinda. Swali ambalo hukulijaribu ni la kumwuliza mwenzako njiani, si la kuchukua muda wa kundi. Kuanzia wiki ya 8, fanyeni pastpepa moja kwa wiki kwa muda kamili wa mtihani, simu zikiwa ndani ya begi, kisha msahihishane.

Kinachoharibu diskasheni ni madesa. Notisi zilizorithiwa kutoka kwa waliotangulia zinaokoa muda, lakini zinarithisha na makosa: fomula iliyonakiliwa vibaya mwaka mmoja inaendelea kufelisha watu miaka mitano mfululizo, na mhadhiri aliyebadilisha silabasi hakuwaambia waliohitimu. Tumia madesa kujua mada, kisha rudi kwenye kitabu. Na kundi la marafiki watupu hugeuka baraza la kahawa. Mchukueni angalau mmoja mnayemheshimu kwa masomo na ambaye hamkumzoea.

Kwa kutazama haraka:

| | Chama cha heshima cha nje | Chama cha taaluma | Mashindano | Diskasheni |
|---|---|---|---|---|
| Kuingia | Mwaliko kwa matokeo | Kujiandikisha na kufanya kazi | Timu na andiko | Kualikana |
| Muda | Karibu hakuna | Saa 2–3 kwa wiki, zaidi kwa kiongozi | Saa 6–10 kwa wiki, miezi 3–4 | Saa 3 kwa wiki |
| Fedha | Ada kwa dola | Mchango mdogo kwa shilingi | Vifaa, uchapaji, safari | Nauli |
| Kinachobaki | Mstari kwenye wasifu | Mdhamini, kazi ya kueleza, mtandao wa fani | Andiko au kifaa chenye jina lako | GPA |
| Kinachokiua | Kutojulikana nchini | Fedha na makabidhiano | Kugongana na mitihani | Madesa na utoro |

Serikali ya wanafunzi, DARUSO, MUHASSO na nyinginezo, tumeiacha nje ya jedwali kwa makusudi. Ni utumishi wenye maana, hasa bumu linapochelewa na mtu wa mwaka wa kwanza hana pa kulala, lakini unakula saa 20 kwa wiki bila kukuomba ruhusa. Anayeutaka aingie mwaka wa pili akiwa hana sapu (mtihani wa marudio) hata moja.

Nani achague nini

Mwaka wa kwanza: diskasheni, na kuhudhuria tu vikao vya vyama viwili vya fani yako bila kugombea. Muhula wa kwanza ndio wenye sapu nyingi, kwa sababu mtu anatoka kidato cha sita cha kengele na mwalimu wa zamu, anakuta hakuna anayemwuliza kama amekula. Baada ya matokeo ya muhula huo utajua una saa ngapi.

Mwaka wa pili: chagua chama kimoja na uchukue kazi ndani yake. Huu ndio mwaka wa kuchukua majukumu, kwa sababu bado una mwaka mmoja wa kuonesha matunda.

Mwenye GPA ya 3.6 hadi 3.7 na ndoto ya kufundisha chuo kikuu asikilize vizuri: matangazo ya nafasi za kuanzia za ualimu katika vyuo vikuu vya umma hutaka GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza. Hapo uongozi wa chama hauzibi hata pengo la 0.1. Weka saa zote 6 kwenye diskasheni hadi upite mstari, kisha rudi kwenye chama.

Anayesoma uhasibu, uhandisi au sheria akumbuke kuwa mlango wake wa kazi unafunguliwa na bodi au shule ya taaluma: NBAA, bodi ya wahasibu, kwa CPA, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Shule ya Sheria. Chama kinachoandaa semina za mitihani hiyo, au kinachomleta mhandisi aeleze programu ya bodi ya kuwalea wahitimu kazini inavyokwenda, kina thamani kuliko chama chenye jina kubwa.

Anayesoma jioni huku akifanya kazi mchana, kama wengi wa vyuo vya katikati ya jiji, achague diskasheni ya mtandaoni ya watu wanne na aache mengine yote bila kujilaumu. Mwajiri wake wa sasa ndiye mdhamini wake.

Na mwaliko wa chama cha heshima ukija? Jibu maswali manne kabla ya kutoa hata shilingi. Wamepataje matokeo yako? Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, chuo hakigawi alama zako kiholela, kwa hiyo anayedai ameziona bila idhini yako ama anabahatisha ama ana kosa la kujibu. Je, Mshauri wa Wanafunzi anakitambua chama hicho? Nenda ofisini, uliza kwa mdomo. Vigezo vimeandikwa kwa asilimia au GPA, au ni maneno ya sifa tu? Na mwisho, ada ni ya mara moja au inarudi kila mwaka kupitia kadi yako ya benki? Mwaliko wenye saa inayohesabu kurudi nyuma, "zimebaki saa 48", ufute.

Kampasi inayokua ianzishe nini

Vyuo vya jiji vinapanuka. Mradi wa elimu ya juu wa HEET unajenga madarasa na maabara katika vyuo vikuu vya umma, Muhimbili ina kampasi ya Mloganzila, na hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 ziliongeza vitanda 3,840 Mlimani. Majengo yakija, huja pia hamu ya kuwa na chama cha heshima chenye jina la nje. Kwa sababu tulizoeleza, milango mingi ya nje imefungwa kwetu kwa kanuni. Ushauri wetu kwa wakuu wa vitivo na viongozi wa wanafunzi ni kuanzisha orodha ya heshima ya kitivo yenye wajibu ndani yake.

Utaratibu wake si mzito. Idara inapitisha kigezo kwenye kikao chake: wanafunzi wa mwaka wa pili na kuendelea, asilimia 10 ya juu ya kila programu, na GPA isiyopungua 3.8. Asilimia pekee haitoshi, kwa kuwa programu ya watu 18 inakupa mtu 1.8. Amueni tangu mwanzo kwamba inakadiriwa juu. GPA pekee nayo haitoshi, kwa kuwa programu hazisahihishi kwa ukali uleule, na orodha itajaa watu wa idara moja. Kisha ongezeni sharti la kazi: kila aliyeteuliwa atoe saa 10 kwa muhula kuwafundisha wa mwaka wa kwanza kozi inayoongoza kwa sapu katika kitivo. Asiyezitoa jina linabaki kwenye kumbukumbu za matokeo, lakini hapewi cheti. Cheti kieleze saa na kozi, kisainiwe na mkuu wa kitivo. Ajira Portal ina sehemu ya mafunzo na uzoefu, na karatasi inayosema "saa 20 za kufundisha Takwimu" ina mahali pa kukaa kuliko inayosema "mwanachama bora".

Usajili wa chama cha wanafunzi wenyewe hupita kwa Mshauri wa Wanafunzi: katiba fupi, orodha ya waanzilishi yenye namba za usajili na sahihi, barua ya mlezi kukubali, na mpango wa mwaka. Kinachochelewesha mara nyingi ni katiba iliyonakiliwa kutoka chama kingine ikiwa bado na jina la chama hicho kifungu cha 7. Isomeni kwa sauti, wote, kabla ya kuipeleka.

Uchaguzi msiuweke mwisho wa mwaka. Fanyeni wiki ya 5 au ya 6 ya muhula wa pili, ili viongozi wapya wafanye kazi na wa zamani kwa wiki nane wakiwa bado chuoni. Siku ya makabidhiano viwepo mezani: nywila, mhuri, taarifa ya benki ya siku hiyo, orodha ya wanachama, na jina la mtu wa ofisini anayejua faili la chama liko kabati gani.